Kidole Tumbo na Mtani Aliyenyamaza

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nyumbani kwa Bibi hapa Isevya, Tabora, hakuna saa, lakini mwadhini yupo. Bibi ni Mkristo wa kukaa benchi la mbele, hata hivyo saa yake ni adhana. Akiisikia tu huketi kitandani, hukohoa, kisha husema, "Haya, kumekucha," ingawa nje bado giza tupu. Siku hiyo adhana ilinikuta macho. Kitu kilikuwa kimenishika tumboni, karibu na kitovu. Hakikuwa kikali. Kilikuwa kama mtu anayekamua nguo polepole, akaiachia, akaikamua tena.

Nilinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Darasani sijawahi kunyosha mkono, na wenzangu wa bwenini husema nilizaliwa na kufuli mdomoni. Nilidhani ni mambo ya mwezi yamewahi. Mambo hayo simwambii mtu, na Bibi ndiye wa mwisho, maana angeyatangaza mpaka kwa fundi cherehani wa nyumba ya jirani. Nikajikunja ubavu, nikaomba yapite.

Hayakupita. Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, na kiangazi kwetu ni msimu wa viazi. Baba anafanya kazi kwenye stesheni ya Bukene, mama yuko naye huko, nami likizo fupi hukaa kwa Bibi na kumsaidia matobolwa. Viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani hadi vikauke kama ngozi, ndipo vinahifadhiwa kwa ajili ya masika. Jua lilipotoka nikawa nainama kwenye mkeka na kuinuka, nainama na kuinuka. Harufu ya viazi ambayo siku zote naipenda ikanigeuka. Nikakimbilia nyuma ya choo nikatapika.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Jana ulikula nini?"

"Mapera."

"Na mbegu zake?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui mtu anayekula pera akatema mbegu, lakini jinsi alivyouliza nilijiona mhalifu.

"Mchango huo," akasema. "Mama yako naye alikuwa nao."

Kwa Bibi, kila kinachouma kati ya kifua na magoti ni mchango. Akanilaza ndani, akajipaka mafuta ya karanga viganjani, akaanza kunikanda tumbo kama anavyokanda unga. Mikono ya Bibi ina nguvu. Niliuma upindo wa kanga nisipige kelele. Alipomaliza alisema nitalala kidogo nipone, akarudi kwenye viazi vyake.

Sikulala. Kadiri jua lilivyopanda, maumivu yalianza kuhama. Nasema kuhama kwa sababu ndivyo yalivyofanya: yaliondoka kitovuni, yakashuka upande wa kulia, yakatua pale chini karibu na nyonga na kukaa. Sasa hayakukamua tena, yalichoma. Nilipojaribu kunyosha mguu wa kulia, sikuweza.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwalimu wetu wa somo la viumbe ni mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye kuchora vizuri sana. Muhula uliopita alituchorea utumbo wote ubaoni kwa chaki nyekundu. Pale utumbo mwembamba unapoingia katika ule mpana, akaning'iniza kitu kama mkia wa panya. Hicho, akasema, ni kidole tumbo, nacho hakina kazi yoyote. Ni masalio tu ya zamani, kama kifungo cha akiba ndani ya koti. Msichana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Kama kaka yangu," tukacheka chini chini. Mwalimu akangoja tumalize. Kisha akasema kwamba kifungo hicho kikivimba na kupasuka kinaua, na kwamba maumivu yake huanza kitovuni, halafu huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa wa namna hiyo asikandwe. Asipewe dawa ya kuharisha. Apelekwe hospitali.

Siku ile nilikuwa na swali: kama hakina kazi, kwa nini kina uwezo wa kuua? Sikuuliza. Niliona haya.

Sasa nililala kwenye kitanda cha Bibi, tumbo lililokandwa likiwaka, nikalifikiria lile swali langu kama mtu anayemfikiria mbwa aliyemwacha bila kumfunga.

Bibi akaingia na kikombe cha bati. Kabla hajafika niliijua harufu. Haluli, ile chumvi ya dukani ya kuharisha, na juu yake alikuwa amechanganya mizizi yake mwenyewe.

"Kunywa mara moja, usionje."

"Bibi, sinywi."

Akasimama. Sidhani kama nimewahi kumwambia mtu mzima neno hilo.

"Umesemaje?"

"Sinywi. Siyo mchango. Ni kidole tumbo."

"Kidole cha nani?"

"Changu, Bibi. Kiko ndani. Kikipasuka nitakufa."

"Nani kakutia maneno hayo? Shule? Nimelea watoto saba kwa kikombe hiki hiki!" Akakisogeza mdomoni pangu, na mimi, Mungu anisamehe, nikakaza meno. Dawa ikamwagika shingoni. Bibi akapaza sauti kwa Kinyamwezi, na akipaza kwa Kinyamwezi mtaa mzima husikia. Dakika hiyo hiyo cherehani ya jirani ikanyamaza.

"Hodi," fundi akaita kutoka uani. Ni mzee mtaratibu, kofia yake nyeupe haijawahi kupinda. "Mama, kuna nini?"

"Mjukuu wangu amepandwa na kichaa. Ananijibu!"

"Amekujibu? Huyu?"

"Amesema hanywi dawa. Ana kidole tumboni."

Fundi akasogea mlangoni. "Mama, mimi jirani yako mwaka wa ngapi sasa? Mtoto huyu hupita barazani kwangu akasema shikamoo kwa kupiga goti tu, sauti siisikii. Kama leo amefungua mdomo akakataa, basi hakika kuna jambo. Nina baiskeli. Twendeni Kitete."

Kitete ndiko iliko hospitali, na Bibi anaiogopa Kitete. Kaka yake aliingia huko kwa miguu akatoka ndani ya shuka. Akaanza kusema tumsubiri baba yangu, tutume habari Bukene, jambo la kisu ni la baba. Nami nikatapika tena, maji ya kijani tu, kwenye miguu yake. Akaiangalia ile rangi. Akaenda kuchukua kanga yake ya kutokea.

Wakanikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, fundi akaisukuma, Bibi akanishika mgongoni. Sitaisahau njia ile maishani. Kila kijiwe na kila mzizi uliokatiza njia uliingia moja kwa moja upande wangu wa kulia. "Polepole, fundi," Bibi akasema. "Polepole ndiyo hii, mama, nikipunguza zaidi tutarudi nyuma." Nilifumba macho. Nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa kisu. Ya pili nikiiandika inaonekana ya kijinga, lakini nimeahidi nafsi yangu kusema kweli: nilimwogopa mtani.

Dresa mmoja wa hospitali, mfunga vidonda, ni Mgogo, nasi ni Wanyamwezi. Baba yake Bibi alikuwa mpagazi, alibeba pembe mabegani mpaka pwani, na njia ya misafara ilipita Ugogo, penye nchi kavu. Huko walitozwa hongo kila kisima. Bila hongo hakuna maji. Watu waliotesana kwa kiu kiasi hicho, nadhani hawakuwa na njia nyingine ila kuwa watani. Basi huyu dresa kila Jumapili akitoka zamu hupita kwetu. Habishi hodi. Huingia jikoni, hufunua chungu, hupaza sauti, "Hongo!" na kuchukua mnofu mkubwa kuliko yote. Bibi humwita ombaomba, humwambia kwao hata panzi hubeba chakula cha njiani. Yeye humwita Bibi kizee, humuuliza anakufa lini arithi kanga zake. Hucheka mpaka machozi, wote wawili. Mimi hujificha chumba cha ndani, kwa kuwa siku ya kwanza aliniangalia akamwuliza Bibi, "Huyu mwali wenu wa udongo? Mfinyanzi alisahau kumtia ulimi?" Nilitakiwa kumjibu. Mtu akitaniwa hujibu, ndiyo adabu yenyewe. Sikuweza, na tangu hapo kila Jumapili alinitania kupitia mlango uliofungwa.

Sasa nilikuwa napelekwa mikononi mwake, tumbo wazi.

Alikuwa barazani hospitalini, kati ya wagonjwa waliopanga mstari. Alituona tukiwa bado langoni.

"Ehee! Wapagazi wamefika! Simameni hapo hapo, hapa ni Ugogo, hapitiki bila hongo! Mmebeba nini leo? Mbona mzigo wenyewe umeoza?"

"Mtani," Bibi akasema, akihema, "mtoto anakufa."

"Afe tu, tutakula pilau. Ila mwambieni afe Jumamosi, leo niko zamu."

Wanawake kwenye benchi wakacheka, hata mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa mapajani. Fundi naye akatabasamu. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote. Akaninyanyua kutoka kwenye baiskeli, bado anazungumza, akisema mzigo wa mchele ungekuwa na faida zaidi, akanilaza kitandani nyuma ya pazia.

"Haya, udongo. Wapi?"

Sikujibu. Nilinyosha kidole tu.

Akaweka mkono upande wa kushoto kwanza, akabonyeza. Akasogea. Alipofika pale, alibonyeza taratibu sana, nikavumilia. Kisha akauachia mkono ghafla.

Sauti niliyotoa sikujua kwamba ninayo.

Mkono wake ulibaki hewani. Nilimtazama usoni, nikingoja. Nilijua litakuja neno: kwamba kumbe udongo una ulimi, kwamba Wanyamwezi hulia kama punda, chochote. Alikuwa amepata nafasi ambayo mtani haiachi. Nikangoja. Hakusema kitu. Alinifunika kanga yangu mpaka shingoni, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni, akatoka. Nilisikia viatu vyake. Hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia.

Nataka niandike vizuri jinsi nilivyoogopa hapo, lakini sina maneno. Kisu nilikuwa nimekiwaza njia nzima. Kupasuka nilikuwa nimekuwaza. Kimya kile sikuwa nimekitegemea. Hata msibani watani hucheka. Alipokufa babu, huyu huyu alilala kwenye kitanda cha marehemu akadai alipwe ndipo aondoke, na watu wakacheka katikati ya kilio. Kama mbele ya maiti aliweza kutania, basi mbele yangu ameona nini?

Daktari akaja, Mhindi mfupi mwenye miwani, mikono baridi. Alirudia yale yale, nikalia tena. Akamgeukia Bibi.

"Kidole tumbo. Imevimba sana. Leo tunakata, sasa hivi."

"Baba yake yuko Bukene," Bibi akasema. "Tumpigie simu stesheni, aje."

"Simu itafika, mama. Baba atafika kesho. Tumbo hii haingoji garimoshi."

"Mnataka kukata nini hasa?"

Daktari akaonyesha ncha ya kidole chake kidogo. "Kitu kama hii. Tunatoa, tunashona."

Na mimi, kwa mara ya pili siku hiyo, nikafungua mdomo. Sijui ni hofu au ni homa. Nilitaka aniambie lile la kifungo cha akiba. Nilitaka kulisikia kwa mtu mwenye kisu.

"Daktari, ni kweli hakina kazi?"

Akavua miwani, akaifuta. Nadhani alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo, na wakati mwingine hiyo ni hasara.

"Vitabu vinasema hivyo. Mimi nimetoa nyingi. Ukipasua unakuta ndani tezi ndogo ndogo, kama zile za koo yako. Zile za koo ni walinzi. Labda na hii ni mlinzi, labda ina kazi, bado hatujaijua. Watu wanaishi bila yeye, wanaishi vizuri. Lakini kusema haina kazi kabisa..." Akatikisa kichwa. "Hiyo mimi siwezi."

Nikahisi kitanda kikizama. Nilikuwa nimekuja na faraja moja tu, kwamba ninachopoteza si kitu. Sasa nacho kilikuwa mlinzi.

Bibi alikuwa ameisikia kila herufi.

"Kumbe hamjui!" akasema. "Mnataka kumtoa mtoto wa watu kitu ambacho hamjui kazi yake! Mungu alikiweka, nyinyi mnakitupa, kesho akiugua jingine mtaniambia nini? Mayo! Inuka, mwanangu. Twende nyumbani tumngoje baba yako." Akanishika mkono wa kushoto, akaanza kunivuta.

Sikujua niende upande gani. Hilo ndilo la kweli. Nusu yangu ilikuwa inainuka. Nyumbani kuna mkeka wangu na harufu ya viazi, na hakuna chumba cha kupasulia. Daktari alikuwa anasema jambo kuhusu saa, kuhusu usaha kumwagika tumboni, Kiswahili chake kikimkimbia. Bibi hakumsikiliza. Tayari mguu wangu mmoja ulikuwa sakafuni.

Ndipo mtani alipokuja mbele ya Bibi. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bibi aliuachia mkono wangu.

Miaka yote hiyo hajawahi kumpa Bibi shikamoo. Mtani haamkii hivyo. Ni kizee, ni mchawi, ni gunia la mifupa, lakini shikamoo ni ya watu wengine. Nilielewa, na yeye akaelewa, kwamba mtu huyu ameuweka utani chini kama mpagazi anavyoweka mzigo, kwa sababu mbele kuna kitu ambacho hapiti nacho.

"Leo sina mzaha, mama," akasema. "Nimewaona waliorudi nyumbani kungoja. Niliwaosha mimi. Sitaki kumwosha huyu."

Nje mtoto mwenye homa alianza kulia.

"Marahaba," Bibi akasema mwishoni, kwa sauti ndogo kabisa. "Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia daktari. "Kata. Lakini hicho mtakachokitoa mnipe. Kitovu chake nilikizika mimi mwenyewe uani kwetu. Hakuna kipande cha mwili wake kitakachokwenda jalalani na pamba za watu."

Daktari akafungua mdomo. Dresa akamtangulia.

"Nitakishika mwenyewe, mama," akasema. Tena mama.

Chumba cha kupasulia kina dirisha la juu, na jua la alasiri lilikuwa limeingia likakaa ukutani. Nilikuwa natetemeka hata meno yakagongana, na nikaona aibu kwa sababu ya meno. Wakanifunga mikono kwa kitambaa laini. Nikafikiri habari za mlinzi, yule mdogo wa kulia, ambaye pengine alikuwa amepigana na kitu usiku kucha ndiyo maana amevimba, na sasa tunamlipa kwa kumkata. Nikafikiri: wakimtoa, nani atakaa langoni? Nilitaka kusema subirini. Kitambaa cha dawa kikaja usoni, kitamu na kikali, kama mapera yaliyooza ndani ya mafuta ya taa. Juu yake niliona macho ya mtani. Nikayasihi kimoyomoyo. Niambie nife Jumamosi. Niite udongo. Sema neno.

Hayakusema.

Nilizinduka mara nyingi, kila mara kidogo tu. Mara moja nilimwona Bibi amekaa sakafuni akiomba. Mara moja nilitapika, na mwili wote ukawa kidonda. Kilichozidi vyote kilikuwa kiu. Sijapata kuwa na kiu kama ile. Nesi alisema bado, mpaka daktari aruhusu, akaondoka. Niliuwaza ule mtungi wa Bibi ulio kwenye pembe ya giza, unaotoa jasho kwa nje. Kwa mkono mmoja nilipapasa bandeji. Palikuwa na joto. Nilijaribu kuhisi kama nimepungua, kama kuna pengo, kama mlango umeachwa wazi. Sikujua nihisi wapi. Niliogopa kulala, maana sikuwa na hakika ni usingizi upi, wa kuamka au ule mwingine.

Kisha nikasikia adhana, ya msikiti mwingine, mbali. Bibi akaketi pale sakafuni, akakohoa.

"Haya," akasema, "kumekucha."

Jumatano. Dirisha lilipopata rangi, mtani akaingia. Alikuwa na chupa ndogo ya kioo imefungwa kitambaa juu. Bibi akasimama haraka, akajifunga kanga, na wote wawili, mimi na yeye, tukamtazama mdomo.

"Kizee," akasema, "bado hujafa tu?"

Bibi akaangua kilio. Alikuwa analia na kumpiga begani kwa ngumi, "Mchawi wewe! Mchawi! Mgogo usiye na haya!" naye anajikinga kwa kiwiko, chupa ameinua juu isimwagike.

"Angalia, angalia, utamwaga mchuzi! Nilitaka kukikaanga kwa vitunguu, nikakuta hata kitoweo cha mtu mmoja hakifiki. Daktari anasema kilikuwa kinangoja kidogo tu kipasuke. Kidogo hivi." Akaonyesha kwa vidole, na kwa nukta moja vile vidole havikuwa vya utani.

Bibi akaichukua chupa, akaitazama dhidi ya dirisha. Mimi pia nikaona. Kilikuwa kinene, chekundu kinachoelekea weusi, kimepinda kama mnyoo anayeumwa. Hicho ndicho kilichokuwa kifungo. Hicho ndicho kilichokuwa mlinzi. Sikuweza kujua, kwa kukitazama.

"Kitu chenyewe hiki!" Bibi akasema. Akapangusa pua. "Basi sasa nimejua, kidole tumbo cha mji huu ni wewe. Tangu uje Tabora hakuna aliyeiona kazi yako, ila ukinuna tu watu tunalala hospitali."

Mtani akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, na kitanda kikatikisika, nikaguna. Akaacha mara moja. Akaniinamia. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala yeye naye.

"Na wewe, mwali wa udongo," akasema, akingoja kidogo, kama alivyozoea kungoja nyuma ya mlango. "Tumekupasua tukakushona, ulimi hatukuuona. Twende tukautafute?"

Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama matobolwa. Bibi alikuwa tayari anafungua wake anijibie, kama siku zote. Nilimwinulia mkono, akanyamaza.

"Hongo umeshachukua," nikamwambia. Sauti ilitoka kama ya chura, lakini ilitoka. "Tena umechukua nyama ya tumboni mwangu. Sasa nipe maji, Mgogo."

Mtani alitupa kichwa nyuma, akapiga kelele mpaka nesi akachungulia. "Umesikia, kizee? Umemsikia? Mpagazi amelipa, anadai kisima!" Akaenda, akarudi na bakuli na kipande cha pamba. Alichovya, akakikamua karibu chote, akanigusisha midomoni. Matone mawili hivi.

"Daktari kasema hayo tu."

"Hayo tu?" nikasema. "Ndiyo maana babu zetu waliwachukia."

Nikacheka, na mshono ukaniuma kama moto. Nikalishika tumbo kwa mikono miwili, nikafungua mdomo nikidai pamba ya pili.